Ombi la msaada mtandaoni: fedha inatua wapi?

Kila ombi la msaada linalosambazwa mtandaoni lina mambo matatu ndani yake: kisa kinachosimuliwa, mtu anayekisimulia, na mahali fedha inapotua. Msomaji mwenye huruma hukitazama kisa. Humwona mtoto aliyelazwa, nyumba iliyoezuliwa na upepo, bibi anayelea wajukuu peke yake, naye huamua kutoa au kutotoa kwa kadiri alivyoguswa. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana nguvu zake zote huziweka kwenye kisa. Kisa huweza kuibwa, kutungwa au kutiwa chumvi bila gharama yoyote. Kilicho kigumu kutunga ni watu wanaomzunguka mhitaji wa kweli, na njia ambayo fedha hupita hadi kulipa kile kilichoombewa. Kwa hiyo uchunguzi wa ombi huzaa zaidi unapoanzia kwenye fedha na kurudi nyuma hadi kwenye kisa.

Nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kibondo na Kasulu, zinaonyesha vizuri kwa nini. Kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, Muscat au Texas, eneo hili linajulikana kwa mambo mawili: ni mbali, na lina wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, ilianza mwaka 1996 kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipoleta wimbi jipya la watu, Nyarugusu ilifurika na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena mwezi Oktoba. Tangu hapo jina la Kibondo au Kasulu likitajwa ndani ya ombi, msomaji wa mbali hujikuta ameshaamini nusu ya habari. Nusu nyingine haendi kuihakiki, kwa sababu safari yenyewe humshinda. Mahali panapoaminika kuwa na shida, na ambapo mtoaji hawezi kufika, ndipo tapeli anapotaka kumweka mhusika wa kisa chake.

Lakini umbali huo ni wa mtoaji. Katika kata kama Busunzu, wilayani Kibondo, mgonjwa aliyezidiwa hadi kupewa rufaa si siri. Mwenyekiti wa kitongoji anajua. Mtendaji wa kijiji huenda ndiye aliyeiandikia familia barua ya utambulisho. Kanisani au msikitini ameombewa dua na kuchangiwa. Dereva wa bodaboda aliyempeleka zahanati anakumbuka siku yenyewe, na wakala wa huduma za fedha anajua ni ndugu gani anayekuja kutoa pesa zinazotumwa kutoka mjini. Ombi la kweli limezungukwa na watu wa aina hii hata kama maandishi yake hayamtaji hata mmoja wao. Ombi la uongo halina mtu hata mmoja wa kumpigia simu zaidi ya yule anayeomba.

Hapo ndipo penye kipimo chenye nguvu kuliko vyote, nacho hakihitaji ujuzi wa kompyuta: mtoaji amtafute mtu wa pili, asiyechaguliwa na mwombaji. Namba ya mtendaji aliyoitoa mwombaji mwenyewe haitoshi, kwa kuwa tapeli anaweza kuwa na laini nyingine au mwenzake wa kuipokea. Namba ya ofisi ya mtendaji wa kata ipatikane halmashauri, kwa mwalimu aliyewahi kufundisha huko, kwa padri au mchungaji, au kwa mzaliwa wa huko aliyeko kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kibondo. Kasulu ndiyo makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa la Anglikana, na Wakatoliki wana jimbo lao la Kigoma. Kwa taasisi zenye parokia na mitaa hadi vijijini, kuulizia kama familia fulani ipo ni kazi ya siku moja. Aliyezaliwa huko anaweza pia kumuuliza mwombaji kwa Kiha, lugha ya huko, anatoka kitongoji gani, shule ya msingi ya jirani ni ipi, na mtoto alipewa rufaa kutoka kituo gani. Mwenye shida ya kweli hujibu, tena mara nyingi hujibu kwa maneno mengi kuliko aliyoulizwa. Anayejifanya hukasirika, au hurudi kwenye picha.

Hasira hiyo ina sababu yake. Kazi kubwa ya tapeli baada ya kutunga kisa ni kuizuia simu hiyo moja isipigwe. Ndiyo maana maombi ya uongo huja na haraka isiyoelezeka: daktari amesema lazima ilipwe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo mtoto atatolewa kwenye mashine. Huja na katazo: mama yake yuko na daktari, usipige, tuma ujumbe tu. Huja pia na mabadiliko ya namba katikati ya mchango, kwa maelezo kwamba laini ya kwanza imefungwa au imejaa. Watanzania wanaujua mtindo huu tangu enzi za ujumbe mfupi wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", uliotumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha, ili umfikie mmoja ambaye kweli alikuwa anasubiri kuambiwa pa kutuma. Ombi la msaada la uongo ni ujumbe uleule uliovikwa picha ya mgonjwa.

Picha nazo zinahojika. Google na TinEye zina huduma ya kutafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno, na mara nyingi dakika mbili zinatosha kuonyesha kwamba mtoto anayesemekana kulazwa Kibondo alishaonekana miaka kadhaa nyuma kwenye habari ya nchi nyingine. Ila kipimo hiki kina mipaka miwili. Picha isiyopatikana kwingine haijathibitisha kitu, kwa sababu huenda ilipigwa jana na tapeli mwenyewe, au imetengenezwa kwa akili unde. Na picha ya kweli ya shida ya kweli inaweza kutumiwa na mtu asiye na uhusiano wowote na mwenye shida. Hili la pili ndilo baya zaidi. Mwaka 2025 kipindi cha BBC Africa Eye kilifichua biashara ya namna hiyo katika mji wa Mityana, Uganda, ambako mbwa wenye majeraha walirekodiwa na watu mbalimbali, kila mmoja akidai ndiye mwokoaji wao, na michango ikamiminika kutoka Ulaya na Marekani. Mbwa walikuwepo na mateso yao yalikuwa ya kweli, lakini fedha haikuwafikia. Aliyetosheka kwa kuthibitisha kuwa picha si ya kughushi alitapeliwa vilevile.

Utekaji wa akaunti umeongeza ugumu. Akaunti ya ndugu inaweza kutekwa na kutumiwa kuomba msaada kwa lugha yake mwenyewe, kwa sababu aliyeiteka anasoma mazungumzo yote ya nyuma. Maelfu ya Wakongo waliohamishiwa Marekani kutoka Nyarugusu wana ndugu waliobaki, nao hupokea maombi ya dawa na chakula mara kwa mara. Mengi ni ya kweli. Ombi likija kwa maandishi matupu, simu ya sauti yenye swali la kifamilia ambalo halijawahi kuandikwa mahali popote huondoa shaka kuliko uchunguzi mwingine wowote. Kuna pia utapeli unaowalenga wakimbizi wenyewe: mtu hujitambulisha kuwa ofisa na kuahidi kuharakisha safari ya kwenda nchi ya tatu kwa malipo, kisha familia huanza kuwaomba ndugu wa ng'ambo wachange "ada" hiyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limekuwa likitangaza kila mara kwamba huduma zake zote hazilipiwi, ikiwamo kuhamishiwa nchi nyingine. Mchango wa kulipia huduma ya bure utaishia kwa tapeli hata kama mwombaji ni ndugu wa damu anayeamini anachokisema.

Maombi ya matibabu yanastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo mengi na ndiyo yanayouma. Njia ya rufaa inajulikana. Mgonjwa wa Busunzu huanzia zahanati au kituo cha afya, hupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma, na tatizo likiwa kubwa hufika Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kila hatua huacha karatasi: barua ya rufaa, kadi, namba ya mgonjwa, makadirio ya gharama. Hospitali kubwa pia zina kazi zinazojulikana. Moyo hutibiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, saratani Ocean Road. Ombi linalodai kwamba mtoto amelazwa Ocean Road akisubiri upasuaji wa moyo limejikana lenyewe.

Karatasi hata hivyo hughushiwa, na hospitali haitampa mpiga simu asiyejulikana habari za mgonjwa, wala haipaswi. Suluhisho ni kuacha kubishana kuhusu karatasi na kubadili njia ya fedha. Malipo ya hospitali za umma nchini hupitia mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ambao kila bili huipa namba yake ya kumbukumbu, ile ambayo watu wengi huiita kontroo namba. Familia yenye mgonjwa wa kweli inaweza kuiomba hospitalini na kuituma kwa wachangiaji. Mtu yeyote, popote alipo nchini, huilipa kwa simu au benki, na fedha huingia hospitalini bila kupita mkononi mwa mtu. Tapeli aliyeombwa namba hiyo hana pa kwenda. Yapo mahitaji ambayo hayalipwi hivyo: nauli ya kutoka Kibondo hadi Mwanza, chakula cha anayeuguza, dawa ya duka la nje. Hayo yabaki kuwa sehemu ndogo, yatumwe kwa mtu aliyethibitishwa, na yatajwe wazi kuwa ni ya nauli na chakula. Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia wasio na uwezo. Ndugu anayemuuguza mgonjwa wa kweli kwa kawaida ameshafika mlangoni pake, na anaweza kueleza aliambiwa nini.

Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala linafaa kusomwa kila mara, maana hapo ndipo watu wengi hupita haraka. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia tarehe yake ya mwisho Januari 2020, kila namba inatakiwa kuwa na mtu mwenye kitambulisho nyuma yake. Jina la mpokeaji lisipolingana na mtu yeyote ndani ya kisa, swali lazima liulizwe. Lisiwe hukumu, kwa sababu vijijini bado laini ya mjomba hutumiwa na nyumba nzima, na mama mgonjwa huenda hana simu kabisa. Jibu la kweli huwa fupi na linathibitika: ni laini ya kaka yake marehemu mume wangu, muulize mwenyekiti.

Jambo moja halisisitizwi vya kutosha. Ombi la kweli mara nyingi huonekana baya kuliko la uongo. Limeandikwa kwa makosa, picha ni ya giza, kiasi kinachoombwa kinabadilika kila wiki kwa sababu bili inabadilika kila wiki, na anayeliandika si mgonjwa bali ni kijana wa jirani mwenye simu ya intaneti. Ombi la uongo lina picha angavu, sentensi zilizopangwa na kiasi kamili. Mtoaji anayechuja kwa unadhifu atawapa matapeli na kuwanyima wanakijiji. Na mtoaji aliyeapa kutotoa tena kwa sababu aliwahi kutapeliwa anamwadhibu mgonjwa wa Busunzu kwa kosa la mtu mwingine, ambaye huenda hajawahi hata kufika Kigoma. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kuhusu namba zinazofungiwa kwa majaribio ya utapeli zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro juu ya orodha. Jina la mahali ndani ya kisa halisemi chochote kuhusu mahali alipo anayekituma.

Mashirika na vituo hupimwa kwa namna nyingine, kwa sababu sheria imeshawawekea njia. Shirika lisilo la kiserikali linatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2002, na Msajili wa NGOs yuko katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika kutangaza hadharani fedha lililopata zinazozidi Sh20 milioni. Cheti cha kampuni au jina la biashara kutoka kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, ni kitu kingine kabisa, ingawa huoneshwa kana kwamba ni kibali cha kukusanya michango. Makao ya watoto yatima yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya Kibondo au Kasulu anapaswa kuyajua yote yaliyo katika eneo lake. Kituo ambacho ofisa huyo hajawahi kukisikia hakistahili senti, hata kama kina video za watoto wakiimba. Kwa upande wa kambi, hakuna mtu anayeingia kiholela: kibali hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtu binafsi anayetangaza kwamba kesho atagawa unga ndani ya kambi aulizwe kibali chake kabla ya kuulizwa kitu kingine.

Majukwaa ya kimataifa ya kuchangisha hayaondoi wajibu huo. GoFundMe, iliyoanzishwa mwaka 2010, haifungui kampeni zinazolipwa moja kwa moja kwa mtu aliyeko Tanzania. Kampeni yoyote ya huko inayomtaja mgonjwa wa Kibondo lazima iwe imefunguliwa na mtu anayeishi kwenye nchi inayoruhusiwa, na fedha huingia kwanza kwenye akaunti yake. Swali basi linahamia kwa huyo: ana uhusiano gani na familia, na atazifikishaje? Mwaka 2017 huko New Jersey, Marekani, zaidi ya dola 400,000 zilichangwa kwa ajili ya mtu asiye na makazi aliyesemekana kutoa pesa yake ya mwisho kumnunulia mwanamke petroli. Baadaye ilibainika kuwa kisa kizima kilitungwa, na jukwaa likawarudishia waliochanga. Anayetuma kwa M-Pesa kwenda namba ya mtu hana jukwaa la kumrudishia.

Hata jina rasmi halitoi usalama peke yake. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoipiga Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma, michango ilielekezwa kwenye akaunti ya benki iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa mkoa huo na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama hilo. Funzo la kiutendaji ni kwamba namba ya akaunti ndiyo ya kulinganishwa, tarakimu kwa tarakimu, na tangazo la chanzo chenyewe, wala si picha ya tangazo iliyosambazwa. Kwa upande mwingine kuna mwaka 2011, ambapo kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga Sh500 milioni za Kenya kwa waathirika wa ukame na kuzivuka. Kulikuwa na namba moja ya malipo iliyotangazwa na vyombo vyote vya habari, na Msalaba Mwekundu wa Kenya kama mpokeaji aliyejulikana tangu siku ya kwanza. Agosti 2015 mwanafunzi wa Kenya aliyehitaji upasuaji wa ubongo nchini India aliombewa Sh1 milioni za huko. Zilipatikana mara kadhaa ya hizo kwa siku chache, na fedha zilipitia Africa Cancer Foundation badala ya simu ya familia. Kisa cha kijana huyo kiligusa watu, lakini kilichowafanya wasiogope kutoa ni kwamba mpokeaji alikuwa taasisi yenye anwani.

Kwa mchango mdogo wa kijiji hakuna haja ya taasisi. Watanzania wana utaratibu wao, unaotumika kila siku kwenye harusi na misiba: kamati ya watu wanaojulikana, mweka hazina mmoja, na orodha inayopandishwa kwenye kundi kila jioni, majina na kiasi, hadi jumla. Orodha hiyo ni hesabu iliyokaguliwa na kila aliyechanga, kwa sababu kila mmoja hulitafuta jina lake kwanza. Ombi la mtandaoni lenye orodha ya namna hiyo, pamoja na risiti za kilicholipwa na maamuzi yaliyotangazwa mapema kuhusu fedha itakayobaki, limejifungua kwa macho ya watu wengi. Mwombaji asiyependa orodha kwa sababu "wengine hawataki kutajwa" anaweza kuficha majina na kubakiza tarakimu za mwisho za namba na kiasi. Akikataa hata hilo, wachangiaji wana haki ya kusimama.

Aliyekwisha kutuma na kugundua kuwa ametapeliwa ana muda mfupi. Hatua ya kwanza ni kupiga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, na kuomba muamala uzuiwe kabla fedha haijatolewa kwa wakala. Namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli, na *106# humwonyesha mtu kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua, maana laini za namna hiyo ndizo zinazotumika kwenye uhalifu huu. Polisi hufungua jalada chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ujumbe, namba na saa ya muamala ni ushahidi, hivyo mazungumzo yasifutwe kwa hasira.

Kuna mwathirika mwingine ambaye mara nyingi hafikiriwi: mwenye picha. Mama wa Busunzu anayegundua kwamba sura ya mwanawe inatumika kuombea fedha asizoziona anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anaweza kuripoti akaunti hiyo kwa jukwaa lenyewe, na kumwomba mtendaji wa kata amwandikie barua inayothibitisha kwamba mtoto ni wake na kwamba hakumtuma mtu kuomba. Barua hiyohiyo ikisambazwa kwenye makundi ambako ombi la uongo lilipita, huwafikia waliokuwa karibu kutuma.